Usijiandike dereva wa gari ambalo hukuliendesha

Mkuu, usisaini hiyo fomu ya madai ya bima. Kama umeshaisaini, usiipeleke. Kama umeshaipeleka, nenda kwanza chini nilikoeleza barua ya marekebisho, halafu rudi usome haya mengine ukiwa umetulia.

Kwa waliochelewa kuingia kwenye uzi: mwenye swali ana gari, Toyota IST, yenye bima kubwa, ile inayolipa gari lake pamoja na hasara za watu wengine. Jumamosi usiku mdogo wake, ambaye leseni yake imeisha muda, alikwepa bodaboda, akapanda ukingo wa barabara na kugonga nguzo ya umeme. Nguzo ikaangukia ukuta wa jirani. Bampa, shoo, taa ya kulia na boneti vimeumia. Wakala wa bima kamwambia aandike kwamba yeye mwenyewe ndiye alikuwa kwenye usukani. Fundi kamwambia waingize kwenye profoma, yaani karatasi ya makadirio ya bei ya matengenezo, fenda ya kushoto na mlango, vilivyokwaruzwa tangu mwaka jana. Anauliza ajaze vipi, na kama kweli ni kosa wakati kila mtu anafanya. Wachangiaji karibu wote hapo juu wamempigia makofi: kampuni za bima ni wezi, chukua chako.

Mimi nilipewa ushauri huo huo na wakala, nikaufuata, na dai lote likakataliwa, pamoja na sehemu yake iliyokuwa kweli tupu. Yangu yanaishia hapo. Ninaloweza kukupa ni kile nilichojifunza baadaye, kwa kusoma mkataba niliopaswa kuusoma kabla ya kusaini.

Kosa kubwa hapo si fenda. Ni jina la dereva.

Toa mkataba wako wa bima kwenye droo. Sisemi stika, wala ile karatasi ya ukurasa mmoja. Nasema kitabu chenyewe. Kama huna, mwandikie wakala leo akutumie, ni haki yako. Tafuta kifungu kinachohusu dereva. Mikataba mingi ya magari inayouzwa huku kwetu imerithi maneno ya Waingereza, na maneno hayo husema hivi kwa maana: anayeendesha kwa ruhusa ya mwenye gari anakingwa, mradi awe na leseni ya gari la aina hiyo, au aliwahi kuwa nayo na hajazuiwa kisheria kuipata tena. Rudia kusoma hiyo sehemu ya pili. Mtu ambaye leseni yake imeisha muda, ambaye hakuwahi kufungiwa na mahakama, ambaye angeweza kwenda kuihuisha asubuhi yake, chini ya maneno hayo anaweza kabisa kuwa ndani ya kinga. Unataka kudanganya ili kuficha kitu ambacho pengine mkataba wako ulishakisamehe!

Hapo ndipo ninapowakasirikia mawakala wa aina hii. Wakala hulipwa kamisheni siku unaponunua bima. Siku ya dai hana anachopata, anachotaka ni simu yako iishe aendelee na mteja mwingine. Kusoma kifungu cha dereva ni kazi ya dakika tano. Kukwambia "andika wewe tu" ni sekunde tatu. Anayesaini fomu ya madai si yeye. Mwisho wa fomu kuna tamko kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli, na chini yake kuna nafasi ya sahihi yako. Ukiitwa kuhojiwa utasema "wakala aliniambia", naye atasema hakusema. Kama amekutumia sauti WhatsApp, usiifute.

Sasa tuseme mkataba wako ni ule mkali, unaotaka leseni iwe hai siku ya ajali. Basi kwa uharibifu wa gari lako una hatari ya kweli ya kukataliwa, sitakuficha. Lakini hata hapo ukweli ni wa bei nafuu kuliko uongo. Ukisema kweli wakakataa, unaweza kuandika barua ya kuomba malipo ya hisani, yaani kampuni ilipe yote au sehemu bila kukubali kwamba ilikuwa na wajibu. Si haki yako, ila huombwa, na hutolewa mara nyingine kwa mteja mwenye historia safi. Ukidanganya wakagundua, barua hiyo hutathubutu kuiandika.

Na watagundua vipi? Watu hudhani lazima kuwe na kamera. Hakuna haja. Trafiki aliyefika usiku ule aliandika jina la aliyemkuta. Taarifa ya mwisho ya polisi, PF 115, ina jina la dereva, na kampuni haikamilishi dai bila hiyo na ramani ya ajali. Mwenye ukuta alitoka nje aliposikia kishindo, akamwona kijana, hakukuona wewe. Bodaboda naye alisimama. Mpelelezi wa kampuni akija mtaani huanza na mama wa genge na mlinzi wa nyumba ya tatu, maana hao hawana sababu ya kutunga. Kisha atawahoji wewe na mdogo wako kila mmoja peke yake, kwa maswali madogo madogo: ulikuwa unatoka wapi, nani alikaa kushoto, dirisha lilikuwa wazi, taa ulizizima wewe au trafiki, funguo alibaki nayo nani, mlirudi nyumbani kwa usafiri gani. Watu wawili wanaweza kukubaliana jambo moja kubwa la uongo. Mambo kumi madogo hawawezi. Kuna hata kiti: kama mdogo wako ni mrefu, kiti cha dereva kimesogezwa nyuma, na kitabaki hivyo kwenye picha za mkaguzi.

Ukishajiandika dereva, kuna mengine umejiandikia bila kujua. Kuendesha bila uangalifu na kuharibu mali, kesi hiyo itakuwa yako, si ya mdogo wako. Ukitoa maelezo ya uongo kituoni, hilo ni kosa la jinai linalosimama peke yake, hata kampuni isipokulipa shilingi. Ulikuwa na tatizo la bampa, sasa una tatizo la jalada.

Nije kwenye kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekigusa kwenye kurasa zote mbili za uzi huu. Nguzo na ukuta. Mnazungumzia IST kana kwamba ndiyo hasara yote. Bima kubwa imebeba vitu viwili pamoja: hasara ya gari lako, na deni lako kwa watu wengine ulioharibu mali zao au kuumiza miili yao. Nguzo ya umeme ina mwenyewe na atakuletea gharama zake: nguzo, waya, mafundi, gari la kuinulia. Ukuta wa jirani utataka tofali, saruji, nondo na fundi. Mkataba wako una kifungu kinachosema dai likiwa na udanganyifu wa namna yoyote, manufaa yote ya mkataba yanapotea. Yote. Si fenda peke yake, si gari peke yake. Kwa ajili ya mkwaruzo wa mwaka jana unaweka rehani kinga inayokulinda dhidi ya mtu ambaye hujui atakudai kiasi gani. Na namshukuru Mungu hakuna aliyeumia, maana madai ya mwili hayana dari ya kuonekana kwa macho kama bei ya bampa.

Haya, fenda.

Tufanye hesabu ya mfano, namba ni zangu, wewe weka zako. Tuseme ukarabati wa kweli ni 1,900,000. Fundi akiongeza fenda, mlango na rangi ya upande wote inafika 2,500,000. Eksesi, kile kiasi unachobeba mwenyewe, tuseme ni asilimia 10 ya dai. Ukidai kweli, kampuni inalipa 1,710,000. Ukiongeza, inalipa 2,250,000. Tofauti ni 540,000. Sasa jiulize hizo 540,000 zinaingia mfuko wa nani. Kampuni nyingi hulipa gereji moja kwa moja, au hununua spea zenyewe na kulipa ufundi tu. Pesa haipiti mkononi mwako. Wewe unapata rangi mpya upande wa kushoto, fundi anapata faida, na aliyeweka sahihi ni wewe. Kwa rangi hiyo umehatarisha 1,710,000 uliyostahili, nguzo, ukuta, na muda wote uliobaki wa bima yako.

Mkaguzi wa hasara ataijua fenda ya zamani bila jasho. Chuma kilichovuliwa rangi huanza kupata kutu haraka, hasa kwa hewa yetu ya pwani; palipopasuka Jumamosi hapana kutu, panang'aa. Kwenye ufa wa zamani wa plastiki kuna vumbi na nta ya kuoshea gari, ufa mpya ni mweupe na safi, kingo zake bado kali. Gari lililogonga nguzo hubonyea kwa mstari wa wima, kama herufi V ukiangalia kutoka juu, na nguvu husafiri kutoka hapo kurudi nyuma: bampa, shoo, rejeta, boneti, kisha fenda ya upande ule ule. Nguzo iliyopiga kulia haiwezi kukwaruza mlango wa kushoto kwa mstari wa mlalo. Hapo lazima utunge ajali ya pili. Halafu kuna zile picha zilizopigwa siku unakata bima kubwa, wakati gari linakaguliwa. Umezisahau, lakini kampuni imezihifadhi. Na kuna ripoti ya ukaguzi wa gari ya polisi, inayotaja kilichoharibika. Mkaguzi huiweka ripoti hiyo kushoto, profoma ya fundi kulia, na kupitia mstari kwa mstari. Kilichopo kulia na hakipo kushoto anakizungushia kalamu nyekundu.

Akishazungushia kimoja, anaanza kutilia shaka hata taa ya kulia ambayo ni ya kweli kabisa. Hilo ndilo watu hawalioni. Mnadhani mkikamatwa wanakata fenda na kulipa yaliyobaki, kama muuza vitumbua anavyorudisha kimoja kilichoungua. Sheria ya bima haifanyi kazi hivyo. Kuna kesi ya Uingereza iliyofika Mahakama ya Rufaa mwaka 1997: mtu aliibiwa kweli, vitu vya thamani ya takriban pauni 16,000, hakuna aliyebisha. Akaongezea kompyuta ya pauni 2,000 ambayo haikuwepo. Akakosa zote. Si zile pauni 2,000 tu, zote. Mahakama zilikuwa na sababu: kama adhabu ya kuongeza ingekuwa kukatwa tu ulichoongeza, basi kila mtu angeongeza, maana ukishinda unapata na ukishindwa hupotezi.

Najua kuna mwanasheria humu atanikumbusha uamuzi wa mwaka 2016 wa Mahakama ya Juu ya Uingereza kuhusu ile meli iliyojaa maji kwenye chumba cha injini. Sawa, tuuseme ulivyo. Wenye meli walidai zaidi ya euro milioni 3.2. Hasara ilikuwa ya kweli na ilikuwa ndani ya kinga, ila walitunga maelezo kuhusu kengele ya tahadhari wakidhani yatawasaidia kulipwa haraka. Mahakama ya kwanza ikawanyima, ya rufaa ikawanyima, ya juu ikawapa, ikisema uongo ambao haukubadilisha chochote kwenye haki ya dai hauliui dai. Ajali ilitokea 2010. Waliteseka miaka sita kwa kengele ambayo hawakuhitaji kuitaja. Na uamuzi huo hauwagusi wanaoongeza kiasi. Kuongeza bado kunaua dai lote. Tena mahakama zetu hazifungwi nao, zinaweza kuusikiliza tu. Ukiwa na pesa ya kulipa mawakili mpaka ngazi tatu za mahakama, usingekuwa unauliza hapa kuhusu bampa.

Sasa hilo la "kila mtu anafanya". Hapa nataka tuongee kama watu wa nyumba moja, maana linaniuma kuliko hata hizo fedha.

Wengi wetu tuko kwenye chama cha kufa na kuzikana. Mnachanga kila mwezi, akifiwa mmoja chama kinatoa sanda, usafiri, chakula cha waombolezaji. Fikiria mwanachama aseme mama yake mkwe amefariki kijijini, apewe rambirambi, halafu mkutane na huyo mama sokoni Buguruni ananunua dagaa. Mtaa mzima ungetikisika. Angefukuzwa, na watoto wake wangesemwa. Hakuna ambaye angesema "mbona amechanga miaka sita hajawahi kufiwa, ni haki yake". Lakini kwenye bima ya gari tunasema maneno hayo hayo kila siku, tena tunamsifu mtu kwamba ni mjanja.

Tofauti ni kwamba kwenye chama unawaona wenzako usoni. Kwenye bima unaona jengo la vioo. Unadhani unamchukulia mwenye jengo. Chukua magari 100, kila moja la thamani ya 12,000,000. Bima kubwa ya gari binafsi kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani, kwa hiyo kila mmoja analipa 420,000, na VAT ya asilimia 18 juu yake, 75,600, jumla 495,600. Hiyo VAT inaenda serikalini. Kwenye mfuko wa pamoja zinabaki 42,000,000 za watu wote 100. Magari matatu yakiteketea kabisa zimeondoka 36,000,000. Zilizobaki 6,000,000 ndizo za bampa, nguzo, kuta, vioo, kamisheni na mishahara. Hilo jengo la vioo lina mfuko mwembamba kuliko tunavyofikiri, na wakijikuta wanalipa fenda za mwaka jana za watu wengi, kitakachofuata ni masharti makali zaidi na ukaguzi unaomchelewesha hata mama aliyepoteza gari lake la biashara kwa haki.

Na hiyo hoja ya "nimelipa miaka minne sijadai kitu": umelipa 495,600 mara nne, tuseme thamani ilibaki hiyo hiyo, ni 1,982,400. Toa VAT, kampuni imepata 1,680,000. Dai lako la kweli, lisilo na nyongeza, ni 1,710,000. Ajali moja ya nguzo imekula miaka yote minne na kuzidi, kabla hata ya ukuta. Bima si kibubu kwamba ukivunja unakuta ulichoweka. Ulichonunua miaka ile minne ni usiku wote uliolala ukijua gari likiungua hutaanza upya, na usiku huo umeshautumia.

Wamarekani walilichunguza suala hili mwaka 1997 na kuwagawa watu makundi manne: wanaochukia udanganyifu wa bima kabisa, wanaouona mbaya lakini wanaelewa kwa nini hutokea, wanaozilaumu kampuni na hivyo kuwavumilia wadanganyifu, na wale wanaokubali kwa sababu wanaamini wengine wote wanafanya. Ukisoma uzi huu kuanzia juu utawakuta wote wanne wamechangia. Kundi la nne ndilo linalonitisha, kwa sababu halina hasira wala shida ya fedha. Linafuata msafara tu. Mtu wa kundi hilo angemwambia mwenye swali ukweli kama wachangiaji watatu wa kwanza wangeandika ukweli.

Kundi la tatu nalielewa zaidi. Kampuni zina makosa na sitazitetea. Zipo zinazochelewesha malipo mpaka mtu anachoka, zinazokata bei ya spea halisi na kulipa bei ya spea ya mchina, zinazokuficha kifungu siku ya kuuza na kukionyesha siku ya kudai. Kutokana na hapo imezaliwa tabia ya Kariakoo: najua watakata, basi napandisha ili wakikata nibaki na changu. Mkaguzi naye anajua umepandisha, anakata bila kuangalia. Anayeumia ni yule aliyeandika bei ya kweli, naye anakatwa kama wengine. Dawa ya hilo si kupandisha. Ambatisha profoma mbili za gereji tofauti na risiti ya bei kutoka duka la spea lenye mhuri, ili akikata akate kwa maandishi na sababu. Wakigoma, andika barua ya malalamiko kwa kampuni, upate nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Wakiendelea kugoma, peleka kwa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima Tanzania, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa kwa ajili ya wateja kama wewe. Lakini huwezi kwenda kwa msuluhishi ukiwa na fenda ya uongo kwenye jalada. Anayedai haki lazima aende na mikono misafi.

   

Turudi kwako. Hivi ndivyo unavyojaza. Jina la dereva: la mdogo wako. Leseni: namba yake, na tarehe iliyoisha, uiandike ilivyo. Aliruhusiwa na nani kuendesha: wewe, kama ni kweli. Maelezo ya ajali: mistari mitano au sita, mwendo wa kukadiria, alikwepa nini, aligonga nini, nini kiliangukia nini. Usipojua jambo, andika "sijui". Asipokumbuka, andika "hakumbuki". Maneno hayo mawili hayajawahi kuua dai la mtu. Kinachoua ni kujaza pengo kwa kubuni. Usiandike "breki zilikataa" kwa sababu inasikika vizuri. Mkaguzi atazikanyaga breki. Usikubali makosa kwa jirani wala usimwahidi kumlipa ukuta. Mpe namba ya bima, mwambie dai litapitia kampuni, na barua yoyote atakayokuletea uipeleke kwa kampuni bila kuijibu. Profoma iwe ya vilivyoumia Jumamosi tu. Fenda na mlango, ukitaka, fundi akupe bei yake kwenye karatasi tofauti, utalipa mwenyewe.

Kama fomu yenye jina lako imeshafika, andika barua leo. Kichwa chake: marekebisho ya maelezo ya dai, na namba ya dai na ya gari. Aya moja: kwenye fomu ya tarehe fulani niliandika kwamba mimi ndiye niliyekuwa dereva, si sahihi, dereva alikuwa fulani, leseni namba fulani, naomba dai lishughulikiwe kwa maelezo haya. Usimtaje wakala kwenye aya hiyo, utamtaja ukiulizwa. Peleka nakala mbili, moja irudi na mhuri na tarehe. Hakikisha inafika kabla mpelelezi hajakuita, kwa sababu marekebisho yaliyokuja yenyewe na marekebisho yaliyokuja baada ya kubanwa hayasomwi kwa jicho moja. Sikuhakikishii kwamba yatakuokoa kabisa, ila ndiyo nafasi uliyo nayo, na kila siku inayopita inapungua. Na kama ulishatoa maelezo hayo polisi pia, kabla ya kurudi kituoni tafuta mwanasheria, hata kwa ushauri wa nusu saa.

Na gari usilipeleke gereji kunyooshwa kabla mkaguzi hajalikagua. Vipande vya taa na shoo vilivyobaki pale barabarani viokote uviweke kwenye mfuko. Piga picha leo mchana, mbali na karibu, kutoka pembe zote nne, namba ya gari ionekane, na ile nguzo na ukuta kabla jirani hajaita fundi. Fenda ya kushoto na mlango vipige pia, na kwenye maelezo ya picha hizo andika kwamba ni mikwaruzo ya mwaka jana na haimo kwenye dai.